Nguo ya Walio Hai

Mkono ni mmoja au ni miwili? Namwuliza Mola wangu kila baada ya sala ya alfajiri, naye kwa hekima yake ananiachia swali langu nilichezee, kama mtoto anavyoachiwa kijiti. Nasema mkono wa kulia, ule ule mmoja. Unampapasa mke mgongoni anapokohoa. Halafu unanyanyuka kidogo, kidogo kabisa, kama wa mtu anayefukuza nzi, na mji ulioko ng'ambo ya maji mengi unageuka majivu. Baina ya mpapaso ule na ishara ile, kuna mahali mkono unapokatika? Kuna mshono hapo kwenye kifundo, mtu mmoja anapoishia na mwingine anapoanzia? Kazi yangu ni kuosha maiti. Nimeshika viganja vya watu wengi, wapole na wakali. Mshono huo sijauona.

Mke huyo pia aliutafuta. Nilikuwapo.

Siku Mtawala, mwenye mkono ule, alipofariki, vita navyo vilikuwa vinakata roho. Wawili hao walikwenda karibu pamoja, kama mume na mke waliozeeka chini ya dari moja. Watu hawakujua walie au washangilie, wakafanya yote mawili, na wengine walifanya yote mawili kwa uso ule ule. Mkewe, Bi Kazija, akasema hapana atakayemwosha mumewe ila yeye. Dini inamruhusu. Mimi nikasimama nje ya pazia, nikipitisha maji ya majani ya mkunazi na kumwelekeza. Nikasikia maji yanamwagika mahali pamoja tu. Yanamwagika, yanamwagika.

"Bi Kazija," nikamwita, "umefika wapi?"

"Mkono wa kulia."

"Si ulikuwa kwenye mkono wa kulia tangu ndoo ile ya kwanza?"

"Hautakati, Mize."

"Una nini? Una wino?"

"Hauna kitu. Ungekuwa na kitu ningekiosha kikatoka."

"Mwoshe kama maiti mwingine yeyote, mama. Maji yake matatu, basi, umpanguse."

Nikamsikia akilirudia neno langu polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Mwingine yeyote."

Wanaume wakambeba. Sisi wanawake kwetu hatufuati jeneza, tunabaki ndani na ubani na kilio. Lakini upepo siku hiyo ulikuwa unatoka makaburini, ukatuletea sauti. Tukamsikia shehe akiuliza, kama anavyouliza kila maiti anapolazwa mbele ya watu, "Mnamshuhudia nini huyu?" Na wanaume wakajibu kwa pamoja, "Mtu mwema!" Katika nchi yetu hakuna aliyewahi kusikia jibu jingine. Awe mwizi, awe mpiga wake, awe walii, jibu ni hilo, linatoka kabla swali halijatua.

"Wamejibu upesi," akasema Bi Kazija.

"Ndivyo inavyokuwa."

"Hakuna hata mmoja aliyefikiri?"

"Si swali la kufikiri, mama. Ni la kuzikia."

Akaniangalia. Mpaka leo sijui macho yale yalikuwa ya mke au ya mtu aliyesimama upande wa pili wa maji, penye majivu. "Na sisi," akasema, "sisi nani anatuuliza?"

*

Akakaa eda. Ndani ya chumba cha eda muda hautembei, unakaa na mjane kwenye mkeka, umekunja miguu. Nilikuwa nikimpelekea uji sijui nitamkuta nani. Siku moja nilimkuta mwari aliyevunja ungo juzi tu, anasuka ukili na kucheka peke yake. Siku ya pili bibi kizee kipofu aliyeniita kwa jina la mama yangu. Siku nyingine nilifungua mlango nikajikuta mimi mwenyewe nimekaa pale, nimevaa nyeupe, namlilia mume wangu mwenyewe, marehemu, Mungu amweke pema. Nikaweka uji chini nikaondoka kwa adabu. Mjane ni mmoja. Anabadilisha sura tu.

Wakati wake ulipotimia akatoka akiwa mwanamke wa makamo, mrefu, meno yametangulia kidogo, miguu mikubwa. Akasimama kizingitini kama mtu aliyesahau mlango unatumikaje. Na pale nje alikuwa akimsubiri Bwana Makame, mjumbe wa ikulu, mtu wa mwavuli mvua na jua.

"Bi Mkubwa," akasema Bwana Makame, "nchi zimechoka. Zimekubaliana zishone nguo moja, itakayomtosha kila mwana wa Adamu, ili asiwepo tena mtu wa kuachwa uchi mbele ya mwenye nguvu. Wanatafuta wa kuongoza kikao. Watawala wapya wamekutaja wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ni mjane. Hakuna atakayekuogopa."

"Hiyo ndiyo sifa yangu?"

"Siku hizi ni sifa kubwa, Bi Mkubwa."

Jioni akaja kwangu, akakaa juu ya kibao cha mbuzi kama jirani aliyekuja kukuna nazi. "Mize, ni nguo gani inayomtosha kila mtu?"

"Sanda."

"Nyingine."

"Nyingine sijaiona."

"Basi njoo na bafta yako tuitafute. Mimi sitaki watu wangoje kufa ndipo walingane."

Nikafungasha jora la bafta nyeupe, ile ile ninayochania sanda, nikamfuata. Nilikuwa na hofu. Kitambaa kilichozoea wafu, je, kitakubali jasho?

*

Nyumba ya Mataifa haina kuta. Imejengwa kwa milango mitupu. Vita vilipokwisha watu walikusanya milango iliyosalia kwenye miji iliyoungua, maana nyumba zilikwenda na milango mingine ikabaki imesimama peke yake, imefungwa, kana kwamba wenyewe wametoka kidogo. Wakaiunganisha mlango kwa mlango, ikawa ukumbi. Ukiegemeza sikio kwenye mmoja utasikia mtu anatwanga. Kwenye mwingine mtoto anasomeshwa alifu. Hakuna aliyethubutu kufungua. Saa ya ukumbini ilikuwa na uso bila mikono, na kila mtu aliisoma atakavyo: wenye haraka waliona magharibi, sisi wengine tuliona asubuhi.

Kila nchi ilileta mwanamke mmoja, kwa kuwa wanaume walikuwa wamehesabiana makosa wakachoka. Tukaitandaza bafta katikati. Sharti lilikuwa moja: kila mmoja ataweka mshono wake kwa uzi wa kwao, na mkono mmoja ukikataa, mmoja tu, nguo haitanyanyuliwa. Itarudi kuwa sanda.

Ee Mola, wanawake wale! Walibishana.

"Mikono iwe mirefu," akasema mmoja. "Mtu asitirike."

"Kwenu kuna baridi," akasema Bi Shufaa, mjumbe wa nchi ya milima, mwanamke mnene mwenye ulimi wa pilipili. "Sisi tunalima. Ukinivisha mikono mirefu nitaipandisha hivi, na nguo yako nzuri itakuwa na makunyanzi."

"Iwe na mfuko, basi. Mtu awe na pa kuweka chake."

"Mfuko wa nini? Mwenye chake atauvuta mpaka chini, asiye na chake ataingiza mkono humo ajikune."

Tukacheka. Hata Bi Kazija alicheka, akaziba meno yake kwa kiganja. Alikuwa na namna ya kuongoza ambayo sikuwahi kuiona kwa mwenye cheo. Aliuliza, akanyamaza, akangoja mpaka mtu aone haya ya kutojibu. Watu walipokasirika aliwaita chai. Alimimina mwenyewe. Akirudi kwenye bafta alikuwa amekumbuka neno la kila mmoja, hata la yule aliyesema kwa kunong'ona.

"Na kwako, Bi Mkubwa?" Shufaa akamchokoza siku moja. "Nasikia kwenu wafagiaji wanaingilia mlango wa uani, na vikombe vyao vimetengwa. Nguo hii wataivaa wakiwa uani, au?"

Bwana Makame, aliyekuwa amesimama na mwavuli wake, akakohoa. Bi Kazija akaweka birika chini.

"Unasema kweli," akasema. "Nimeona haya."

Tangu siku ile hakukubali kuketi mbele.

Mishono ikajaa. Nyekundu, ya kijani, ya katani, ya hariri, ya manyoya ya mbuzi. Nguo ikaanza kuwa na umbo, na umbo lile lilinitia machozi kwa sababu halikufanana na mtu yeyote ninayemjua, na kila niliyemwosha lingemtosha. Nikawaona wakipita mbele yangu wakijaribu: yule mwari aliyekufa na mimba, yule bibi kizee wa gerezani aliyeletwa na alama za kamba, yule ambaye jina lake hatukulipata. Wote wanaivuta mabegani, wote inawakaa. Nikasema alhamdulillahi. Nikasema tumefika.

Hatukuwa tumefika. Kulikuwa na mkono mmoja bado.

*

Mwanakombo alikuwa mjumbe wa mji ule uliogeuka majivu. Siutaji, hauna tena wa kuutaja. Tangu siku ya kwanza hakukaa mkekani nasi. Alikaa chini ya mlango mmoja, ameegemea, amevaa kaniki, na sisi tulidhani amechagua pale kwa ajili ya kivuli. Kweli kilikuwa ni kivuli. Ubao wa mlango ule ulikuwa umebabuka wote, umekuwa mweupe kwa ule mwanga mkali uliokuja na moto, isipokuwa mahali pamoja palipobaki na rangi yake ya zamani. Mahali hapo palikuwa na umbo la mtoto wa kike, mkono mmoja juu, anagonga hodi.

"Ni mlango wangu," akasema Mwanakombo siku tuliyomfuata na sindano. "Na huyo ni Riziki, mwanangu. Mimi nilikuwa kisimani chini, nimeinamia ndoo. Yeye alikuwa anagonga afunguliwe. Aliniita. Nilimwambia ngoja."

Bi Kazija akamsogelea.

"Dada yangu," akaanza.

"Usiniite dada. Bado."

"Mwanakombo. Nguo imebaki mshono wako."

"Nimeiona. Nzuri." Akaipapasa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa nguo dukani asiyokusudia kununua. "Nikiikataa, itarudi sanda, si ndiyo? Na wale wote wanaotetemeka huko nje wataendelea kutetemeka kwa ajili yangu. Najua. Mmenipa mzigo huo na nyinyi mmekaa mnakunywa chai."

"Unataka nini?" akauliza Bi Kazija.

"Mumeo alipozikwa watu waliulizwa."

"Ndiyo."

"Walijibu nini?"

"Mtu mwema."

"Mimi sikuulizwa." Mwanakombo akainuka. Kivuli cha Riziki kikabaki wazi nyuma yake, mkono juu. "Uliza tena. Hapa. Utuulize sisi. Na nikijibu usinizibe mdomo. Kisha leta sindano yako."

Bwana Makame akaja mbio na mwavuli wake umefunguka ndani ya nyumba. "Bi Mkubwa, haiwezekani! Serikali haikukutuma kufukua maiti. Yule ameshashuhudiwa. Ukilirudia swali umemfedhehesha mumeo mbele ya mataifa, na wewe mwenyewe, na hii nguo yenyewe watasema imeshonwa na mke aliyemsaliti mume kaburini."

"Mnasikia?" akasema Shufaa. "Maiti ana wakili. Riziki hana."

Na hapa nataka niseme niliyoyaona ndani ya Bi Kazija, ingawa mtu haonekani ndani. Nilimwona amesimama mahali pawili. Upande mmoja, chumba cha kulala, taa ya mafuta, mume mgonjwa wa miguu anamwomba amsogezee mto, anamwambia Kazija, nisomee. Upande wa pili, mlango uliobabuka. Akawa anakwenda na kurudi baina ya pande hizo bila kusogea. Alikuwa anampenda. Mungu ni shahidi, alikuwa anampenda. Na katika imani yetu, neno baya juu ya maiti ni kama kaa la moto unalomrushia mtu asiyeweza kukimbia. Asipouliza, nguo inakufa. Akiuliza, mumewe atalala vipi? Niliwaza, mimi ningefanya nini? Nikamwona marehemu mume wangu ameketi kwenye kona ya ukumbi na kofia yake ya kiua, ananitazama kwa wasiwasi, kana kwamba zamu yake inafuata.

Bi Kazija akavua viatu vyake vikubwa. Akaelekea mlangoni, akasimama mbele ya kile kivuli kama shehe anavyosimama mbele ya jeneza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mnamshuhudia nini mume wangu?"

Katika ukumbi ule wote hakuna aliyesema mwema. Nikasikia kwa mara ya kwanza swali lile likitua. Lilitua polepole, likakaa, likatusubiri. Mwanakombo akaweka kiganja juu ya ubao uliobabuka.

"Namshuhudia mlango huu," akasema. "Namshuhudia ndoo. Nilipoinuka kisimani maji ya ndoo yalikuwa yanachemka. Namshuhudia kimya cha mtoto ambaye nusu dakika nyuma alikuwa ananiudhi kwa kelele. Sisemi mbaya, sisemi mwema. Hayo mengine ya Mwenyezi Mungu. Mimi nashuhudia nilichokiona." Akamgeukia. "Na wewe? Wewe ulilala naye."

"Nilipokuwa na mimba," akasema Bi Kazija, "siwezi kuinama, alikuwa akinikata kucha za miguu. Anaweka mguu wangu pajani mwake. Alikuwa anaogopa kunikata, anashikilia pumzi." Machozi yakaanza kumtoka bila uso wake kubadilika. "Na aliuchoma mji wako. Kwa mkono huo. Niliuosha nikitafuta tofauti. Hamna. Ni yeye yule, Mwanakombo. Ni mtu mmoja. Namshuhudia yote mawili, na Mola amrehemu, na Mola anisamehe mimi niliyekuwa nasoma magazeti kitandani asubuhi ile nikasema vita vimekaribia kwisha."

Mwanakombo akamtazama kwa muda ambao saa yetu isiyo na mikono ilishindwa kuupima. Akanyoosha kiganja. "Lete sindano."

Nikamletea.

"Uzi?" nikauliza. "Sharti ni uzi wa kwenu."

"Kwetu hakuna uzi." Akakamata pindo la kaniki yake ya msiba, akachomoa uzi mweusi, mrefu, ukatoka ukilia. Akashona. Mshono mmoja, mweusi juu ya nyeupe, upande wa moyo. Alipofika mwisho hakuukaza. Akaacha tundu.

"Upepo utapita hapo, shoga," akasema Shufaa kwa upole ambao sikuujua kwake.

"Upite," akasema Mwanakombo. "Atakayeivaa asikie baridi kidogo."

*

Tukainyanyua. Watu walipiga vigelegele mpaka milango ikatetemeka kwenye bawaba zake. Ningependa kuwaambia kwamba tulitoka nayo siku ile ile tukaifunika dunia.

Waliitungika juu ya mlango mmoja. Waliisifu. Kila mtawala mpya alikuja kupigwa picha mbele yake, akaahidi, kisha akatoka nje akapita katikati ya watu walio uchi akilalamika juu ya harufu. Bi Kazija alichukua kipande cha bafta iliyosalia, akawa anazunguka nacho nchi hadi nchi, miguu imevimba. Anabisha hodi, anasema, mmeiona ile nguo? Mliiahidi. Wengine walimpa kiti. Wengine walimwachia mbwa. Katika nchi yake mwenyewe aliingilia mlango wa uani pamoja na wafagiaji, akanywa katika vikombe vyao, na mawe yalirushwa, moja nililiona. Nilimwuliza, hujachoka? Akaniambia, "Nimechoka tangu ile ndoo ya kumwoshea, Mize. Lakini nikikaa nasikia hodi."

Akazeeka. Au alirudi kuwa mwari, sikumbuki lipi lilitangulia. Akafa mchana wa jua kali, kitandani, kama mtu yeyote.

Nikamwosha. Maji ya mkunazi, kafuri, maji matatu. Nilipofika mkono wa kulia niliushika zaidi ya inavyopasa. Ulikuwa na alama ya sindano kwenye kidole cha shahada. Nilitafuta mshono kwenye kifundo, kwa mazoea. Nikamvisha sanda. Bafta ilikuwa ile ile.

Wanaume wakawa wanangoja barazani na jeneza. Kabla sijawafungulia, nikatoka kwenye kizingiti cha chumba, nikawatazama wanawake waliojaa ua wote, wafagiaji, wajumbe, wapishi, wamekaa chini na vilio vyao. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika nchi yetu.

"Mnamshuhudia nini huyu?" nikauliza.

Bwana Makame, mzee sasa, akaita kutoka barazani, "Mize! Hilo si lenu! Litaulizwa huko mbele!"

Sikumjibu. Wanawake wakaangaliana. Nikaona midomo inajaribu lile neno tulilolisikia maisha yetu yote likiletwa na upepo, na inaliacha. Walikuwa wanafikiri. Swali likatua, likakaa, likasubiri.

Karibu na mlango, mwanamke mkongwe mwenye kaniki iliyochomolewa uzi pindoni akaushika mwimo, akajiinua.

"Alituuliza," akasema Mwanakombo.